Kufungasha si Kuficha: Maoni kuhusu Zana Saidizi katika Programu za Kuchunguzia Lugha

1.0 Utangulizi

Makala hii inazungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni desturi ya kufungasha zana saidizi za mstari wa amri ndani ya programu kubwa zenye madirisha na vitufe. Nia yetu ni kuonyesha kwamba jambo hilo linamgusa mwanaisimu moja kwa moja, kwa kuwa idadi, majedwali na mifano anayoitoa katika maandishi yake siku hizi aghalabu hutokana na zana hizo, ajue asijue.

Tuanze na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wa shahada ya uzamili niliyekuwa nikimsimamia aliniletea orodha ya marudio ya maneno aliyoipata kutoka katika matini za hadithi. Nilipoziweka matini zilezile katika programu ileile kwenye kompyuta yangu, idadi hazikulingana. Katika orodha yake maneno ng'ombe, ng'ambo na ng'oa hayakuwamo kabisa. Badala yake palikuwa na "neno" ng lenye marudio mengi, na mahali pengine katika orodha yalitokea ombe, ambo na oa. Kibaya zaidi ni kwamba oa iliyokatwa kutoka katika ng'oa ilikuwa imejumlishwa na kitenzi oa cha ndoa, na mwanafunzi alikwisha andika aya mbili kueleza kwa nini kitenzi hicho kinatokea mara nyingi hivyo katika hadithi za wakulima.

Ilituchukua karibu juma zima kugundua chanzo. Programu tuliyoitumia haikuwa ikikata maneno yenyewe. Kazi hiyo iliikabidhi zana nyingine ndogo, ambayo ilitarajia kuikuta tayari ndani ya kompyuta. Kwake ilikuta toleo moja, kwangu ilikuta jingine. La kwake liliihesabu ritifaa kuwa ni alama ya kituo. La kwangu liliihesabu kuwa ni sehemu ya neno. Hakuna mahali popote kwenye dirisha la programu palipotaja kwamba zana hiyo ipo. Sura ya tatu ya tasnifu iliandikwa upya, na mwanafunzi akachelewa muhula mzima.

Msimamo wetu una pande mbili. Kwanza, programu ya kuchunguzia lugha ifungashe ndani yake zana zote inazozitegemea. Pili, zana zilizofungashwa zisifichwe. Upande wa kwanza unakubaliwa na wengi, walau kwa vitendo. Upande wa pili ndio unaosahauliwa, na ndio uliotusukuma kuandika.

2.0 Zana Saidizi ni Nini

Desturi ya kutumia zana ndogondogo ilikomaa katika mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1973 Ken Thompson alitekeleza ndani ya mfumo huo wazo la Douglas McIlroy la kuziunganisha programu kama mabomba ya maji, yaani kile kinachotoka katika programu moja kiingie katika nyingine. Tangu hapo ikawa desturi kwamba kila zana ifanye kazi moja tu na kuifanya vizuri: moja hutafuta mfuatano wa herufi, nyingine hupanga mistari, nyingine huhesabu. Mtumiaji huandika jina la zana, masharti anayoyataka na jina la faili katika mstari mmoja, kisha husoma jibu.

Taaluma yetu ilinufaika mapema na mtindo huo wa kazi. Mnamo mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa nadharia yake ya mofolojia ya ngazi mbili, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen, wa mji huohuo, akachapisha maelezo ya jinsi alivyoitumia kuchanganua mofolojia ya Kiswahili. Uchanganuzi wa namna hiyo hauhitaji dirisha wala kitufe. Matini huingia upande mmoja, na kila neno hutoka upande wa pili likiwa limegawanywa katika mofimu zake.

Hata hivyo, watumiaji wengi hawapendi mstari wa amri, na hatuna sababu ya kuwalaumu. Kwa hiyo waundaji wa programu hutengeneza sura yenye madirisha, na nyuma yake huziweka zana zilezile. Mtumiaji anapobonyeza kitufe, programu huiita zana, huipa masharti, hungoja jibu, kisha hulipanga jibu hilo katika jedwali la kupendeza.

Swali ni zana hiyo itoke wapi. Majibu yaliyozoeleka ni matatu. La kwanza ni kutegemea ile iliyomo tayari katika kompyuta ya mtumiaji. La pili ni kumtaka mtumiaji aitafute na kuipakua mwenyewe. La tatu ni kuifungasha ndani ya programu, ama ikiwa faili inayojitegemea, ama ikiwa imeunganishwa na kuwa kitu kimoja na programu yenyewe.

3.0 Kwa Nini Zifungashwe

Hoja ya kwanza inafahamika vyema kwa wanaisimu, kwa sababu ni hoja ya homonimia. Jina la zana halitoshi kututambulisha zana yenyewe. Chukua zana ya kubadili maandishi iitwayo sed. Katika kompyuta za Linux, sharti la -i laweza kusimama peke yake na zana ikabadili faili papo hapo. Katika kompyuta za Apple, sharti hilohilo hudai liandamane na maelezo mengine, na yasipokuwapo zana huchukua neno linalofuata na kulipa maana isiyokusudiwa. Jina ni moja, tahajia ni moja, maana ni mbili. Programu inayotegemea zana iliyomo katika kompyuta ni sawa na mtu anayetuma ujumbe wenye neno la utata, asijue msomaji atachagua maana ipi.

Hoja ya pili ni kwamba kilichopo leo chaweza kuondolewa kesho. Kwa miaka mingi kompyuta za Apple zilikuja na lugha ya Python, toleo la 2.7, na waundaji wengi wa programu wakaizoea. Mwaka 2022, katika toleo la 12.3 la macOS, Apple iliiondoa. Programu zilizokuwa zikiiegemea ziligoma, ingawa wenyewe hawakuwa wamebadili hata herufi moja. Mtafiti aliyeanza kazi yake mwaka 2021 na kuikamilisha mwaka 2023 angeweza kujikuta hawezi kurudia jaribio lake mwenyewe.

Hoja ya tatu, ambayo kwetu ndiyo nzito kuliko zote, inahusu watu. Wanaotetea jibu la pili husema kwamba mtumiaji anayejua anachokitaka hashindwi kupakua zana moja na kuiweka mahali pake. Wanaosema hivyo huwa wanamfikiria mtu mwenye intaneti ya kudumu, kompyuta yake mwenyewe na macho mawili. Basi tumfikirie mwanafunzi asiyeona. Kwenye kompyuta za Windows anaweza kutumia NVDA, programu isiyolipiwa ambayo humsomea kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo. NVDA hutumia kitoa-sauti kiitwacho eSpeak NG, ambacho chaweza pia kutumika peke yake kwa mstari wa amri, na ambacho kina sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Kitoa-sauti hicho kimefungashwa ndani ya NVDA. Kama kisingefungashwa, mwanafunzi huyo angetakiwa kusoma maelekezo ya kupakua sauti kabla ya kuwa na sauti ya kumsomea maelekezo hayo. Kwake yeye, ufungashaji ndio mlango wenyewe wa kuingilia chuoni.

Mwanafunzi wa wilayani anayepewa programu kwa kidude cha kuhifadhia faili, mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa vifurushi vidogovidogo, yumo katika hali inayokaribia hiyo. Programu inayomfikia ikiwa nusu ni sawa na ambayo haikumfikia.

4.0 Hoja za Wanaopinga

Wapo wanaopinga ufungashaji, na hoja zao hazifai kupuuzwa.

Wanasema kwanza kwamba ufungashaji huzifanya programu kuwa kubwa. Hilo ni kweli. Zana kama FFmpeg, ambayo hubadili miundo ya sauti na video, yaweza kuongeza makumi ya megabaiti. Lakini mzigo huo hubebwa mara moja, ilhali usumbufu wa kutafuta zana hurudiwa na kila mtumiaji katika kila kompyuta.

Hoja yao ya pili ni ya usalama, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Zana ikiwa moja kwa kompyuta nzima, kasoro yake hurekebishwa mara moja na programu zote zikanufaika. Zana ikiwa imefungashwa katika programu ishirini, nakala zake ni ishirini, na kila nakala hungoja bwana wake aamke. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro ya hatari katika libwebp, sehemu ya programu inayofungulia picha za aina ya WebP. Vivinjari vikubwa vilirekebishwa kwa haraka, lakini sehemu hiyo ilikuwa imo ndani ya programu nyingine nyingi za mezani, na kila moja ilibidi itoe toleo lake jipya. Watumiaji wengi hawakuwa hata na habari kwamba libwebp imo katika kompyuta zao. Msomaji azingatie jambo hilo la mwisho. Kilichowadhuru watumiaji si kwamba sehemu hiyo ilifungashwa tu, bali pia kwamba haikutajwa. Mtu hawezi kudai marekebisho ya kitu asichojua kuwa anacho.

Hoja ya tatu ni ya sheria. Watafiti wengi wa nyanjani huijua Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Kwa miaka mingi aliyetaka kuhifadhi sauti katika muundo wa MP3 alilazimika kuitafuta LAME kando na kuiongeza mwenyewe, kwa sababu muundo wa MP3 ulilindwa na hataza. Hataza hizo zilipokwisha muda wake mwaka 2017 kizuizi kiliondoka, na tangu toleo la 2.3.2 la mwaka 2019 LAME huja ndani ya Audacity. Mfano huu unaonyesha kwamba wakati mwingine zana haifungashwi kwa sababu sheria hairuhusu, wala si kwa uzembe wa muundaji.

Upo pia upande wa leseni huria. Leseni ya GPL hutofautisha kazi mbili zilizowekwa tu pamoja na kazi mbili zilizoungwa zikawa moja. Wenye leseni hiyo hufafanua kwamba programu mbili zinazowasiliana kwa mabomba na kwa masharti ya mstari wa amri kwa kawaida huhesabiwa kuwa mbili. Hivyo anayeifungasha zana ya GPL ikiwa faili inayojitegemea huwa katika hali tofauti na anayeiyeyusha ndani ya programu yake. Hata hivyo, katika hali zote mbili anawajibika kuwawezesha watumiaji kuupata msimbo asilia wa zana hiyo. Kwa maneno mengine, leseni yenyewe inaruhusu kufungasha na inakataza kuficha.

Aidha, kuna ugumu wa kiufundi. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu inayosambazwa nje ya duka la Apple hupaswa kukaguliwa na Apple kabla, la sivyo kompyuta hukataa kuifungua kwa njia ya kawaida. Ukaguzi huo hudai kwamba kila zana iliyomo ndani iwe imetiwa saini, na saini huanzia ndani kwenda nje, yaani zana kwanza na programu baadaye. Mwalimu wa chuo anayetengeneza programu yake peke yake usiku huona kazi hiyo ni nzito. Tunamwonea huruma, lakini ni nafuu muundaji mmoja ataabike mara moja kuliko wanafunzi mia moja wataabike kila muhula.

5.0 Suala la Lugha

Tumefika mahali ambapo mwanaisimu ana neno la kusema ambalo fundi hatalisema kwa niaba yake.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilizindua Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu na vidirisha vya Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Lakini kuitafsiri sura ya programu ni jambo moja, na kuzitafsiri zana zilizo nyuma yake ni jambo jingine. Programu yoyote yaweza kusema Kiswahili fasaha mradi mambo yanaenda sawa. Siku zana ya ndani inaposhindwa, ujumbe wa kosa hupenya kutoka nyuma katika Kiingereza cha mafundi, na mtumiaji huachwa bila lugha katika wakati ule hasa anaoihitaji.

Jambo hilo lina sababu inayoeleweka. Programu husoma jibu la zana ili ilipange katika jedwali, na ili ilisome bila kukosea hutaka jibu liwe na umbo lilelile daima. Ndiyo maana waundaji wengi, katika mifumo ya jamii ya Unix, huiamuru zana isahau lugha ya mtumiaji kwa kukipa kigezo kiitwacho LC_ALL thamani ya C, na zana hurudi kwenye Kiingereza. Wasipofanya hivyo huzuka matatizo mengine. Mtafiti wa Lubumbashi, ambaye kompyuta yake imewekwa katika Kifaransa, aweza kupokea muda wa irabu ulioandikwa 0,12 kwa mkato, ilhali programu inangoja 0.12 kwa nukta. Irabu yake ikahesabiwa kuwa haina urefu wowote.

Hatusemi kwamba waundaji wanakosea kuinyamazisha lugha ya mtumiaji wakati mashine inazungumza na mashine. Tunasema kwamba mashine inapomgeukia mtu, irejee kwenye lugha yake. Zana iliyofungashwa inarahisisha jambo hili. Kwa kuwa muundaji anajua ni toleo gani hasa liko ndani, anaweza kuorodhesha makosa yanayoweza kutokea na kuyatafsiri mapema. Asiyejua atakuta zana gani katika kompyuta ya mtu hawezi kufanya hivyo.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne kwa wanaotengeneza, wanaonunua na wanaofundishia programu za kuchunguzia lugha.

(i) Zana zitajwe. Kila programu iwe na ukurasa unaoorodhesha zana zilizomo, toleo la kila moja, leseni yake na mahali msimbo wake unapopatikana. Tasnifu nazo zitaje matoleo hayo, kama zinavyotaja jina la msaidizi wa utafiti na mahali data ilipokusanywa.

(ii) Amri ionekane. Mtafiti anapobonyeza kitufe, awe na njia ya kuiona amri ambayo programu imeituma kwa zana. Kama mwanafunzi wangu angeiona amri ile, angegundua siku ya kwanza kwamba maneno yanakatwa penye ritifaa.

(iii) Mlango wa nyuma uachwe wazi. Mfano mwema ni Praat, programu ya fonetiki ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Ndani yake mna eSpeak iliyounganishwa kwa ajili ya kutoa sauti, na mtumiaji hahitaji kupakua chochote cha ziada. Wakati huohuo Praat nzima yaweza kuendeshwa kutoka katika mstari wa amri kwa sharti la --run, bila kufungua dirisha. Anayetaka vitufe anavipata, na anayetaka amri hafungiwi.

(iv) Data ya lugha isomeke na irekebishike. LibreOffice hukagua tahajia kwa kutumia Hunspell, zana iliyoandikwa na László Németh kwa kuanzia na Kihungaria, lugha yenye viambishi vingi. Orodha ya maneno na kanuni za viambishi hukaa katika faili mbili za maandishi ya kawaida, ambazo mtu yeyote aweza kuzifungua na kuzisoma. Mwanaisimu akiona kwamba kitenzi sahihi cha Kiswahili kinapigiwa mstari mwekundu, anaweza kuonyesha kanuni iliyopungua. Kasoro iliyo wazi hualika wataalamu. Kasoro iliyofungiwa hufundisha watoto wetu kwamba lugha yao ina makosa.

7.0 Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama haya yote hayatuondoi katika kazi yetu ya lugha. Jibu letu ni kwamba tulijifunza zamani kutomwamini mtu anayesema "neno hili hutokea mara nyingi" bila kutuambia amelihesabu wapi na vipi. Hatuna sababu ya kuilegezea kamba mashine kwa kuwa tu imetoa jibu lake haraka na katika jedwali lililonyooka.

Mwanafunzi niliyemtaja alimaliza tasnifu yake. Katika kiambatisho cha kwanza ameweka ukurasa mmoja wenye majina ya zana zote alizotumia, matoleo yake na amri zenyewe, mstari kwa mstari. Mtahini wa nje alimuuliza ukurasa huo una kazi gani. Alijibu kwamba ni kwa ajili ya atakayekuja baada yake na kutaka kuhesabu upya. Tungependa kuona ukurasa wa namna hiyo katika kila tasnifu inayopita katika idara zetu.